Alfred Russel Wallace, Mtu Aliyeuliza "Wapi?"



Karafuu unayoitia kwenye pilau haikuanzia Unguja wala Pemba. Miche yake ilifika visiwani kwetu mapema katika karne ya 19, ikitokea visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa kusini mwa Bahari ya Hindi. Wafaransa nao walikuwa wameipata mbali zaidi, katika visiwa vya Maluku, mashariki ya nchi ambayo leo ni Indonesia. Huko kuna visiwa vidogo vya volkano, Ternate, Tidore na majirani zao, ambavyo kwa karne nyingi ndivyo peke yake duniani vilivyoota karafuu. Masultani walipigania biashara yake, Wareno wakaja, kisha Waholanzi wakaifyeka mikarafuu ya visiwa vizima ili bei isishuke.

Mwaka 1858 Mwingereza mmoja wa miaka 35 alikuwa amepanga nyumba Ternate. Hakufuata karafuu, alifuata ndege na wadudu. Mwezi wa Februari alishikwa na homa ya vipindi, ile tunayoijua sisi, ya baridi kali kisha joto kali, na alipokuwa amejilaza akisubiri homa imwachie, likamjia wazo. Nguvu ziliporudi akalitia katika kurasa chache, akazipeleka kwenye meli ya barua. Jina lake ni Alfred Russel Wallace, na aliyeandikiwa ni Charles Darwin. Wazo lenyewe ni uteuzi asilia, yaani maelezo ya jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi hadi vizazi hadi aina moja ikazaa aina nyingine.

Habari hii husimuliwa sana kama kesi ya mahakamani: nani alitangulia, nani alimdhulumu mwenzake. Nitaigusa kesi hiyo kwa kifupi, maana haikwepeki. Lakini nililolijia leo ni jingine. Naamini kilichomfikisha Wallace kwenye ugunduzi ule ni tabia moja ambayo wasomi wakubwa wa zama zake waliipuuza: kuandika, juu ya kila kiumbe alichokiokota, kimetoka wapi hasa.

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji mdogo wa Usk, Wales. Baba yake alikuwa na elimu ya sheria lakini mali ilimponyoka mwaka hadi mwaka, na mtoto akatolewa shule akiwa na miaka kumi na minne hivi. Chuo kikuu hakukiona. Alikwenda London kukaa na kaka yake aliyekuwa akijifunza useremala, na jioni alisikiliza mihadhara ya wafuasi wa Robert Owen, mtetezi wa vyama vya ushirika. Kisha kaka mwingine, William, akamchukua kumfundisha kazi ya upimaji ardhi.

Kazi hiyo ilimlea. Miaka kadhaa alitembea mashamba ya Uingereza na Wales na mnyororo wa kupimia, akichora mipaka ya vishamba, vijito na vilima. Mpima ardhi hawezi kusema "huko huko bondeni". Lazima aseme hatua ngapi kutoka kwenye jiwe gani. Lakini pia alishiriki katika jambo ambalo alipozeeka alilitaja kwa uchungu. Ardhi za pamoja za vijiji, ambako maskini walichunga na kuokota kuni, zilikuwa zikigawanywa kwa sheria na kuingia mikononi mwa wenye mali. Yeye alikuwa kijana wa kushika mnyororo tu, hakuielewa maana yake. Alipoielewa, aliuita ni wizi uliohalalishwa.

Kazi ya upimaji ilipokauka, mwaka 1844 alipata ualimu katika mji wa Leicester. Huko alikutana na kijana mwenziwe, Henry Walter Bates, aliyekuwa na wazimu wa kukusanya mbawakavu. Bates alimwonyesha kwamba kandokando ya mji mmoja tu wa kawaida kuna mamia ya aina za wadudu hao. Wallace alishangaa, na mshangao ule haukumtoka maisha yake yote. Kwa nini aina nyingi hivyo? Zimetoka wapi? Vijana hawa wawili, wasio na shahada wala mfadhili, wakaamua kwenda kulitafuta jibu Amazon. Mwaka 1848 wakapanda meli kwenda Pará, Brazili.

Hapa inafaa tujue walivyojikimu, maana bila hilo huwezi kumwelewa Wallace. Darwin alisafiri na meli ya Beagle kwa fedha za baba yake. Wallace alikula kwa alichokusanya. Alikuwa na wakala London, Samuel Stevens, aliyewauzia makumbusho na matajiri ndege waliochunwa na wadudu waliotobolewa sindano. Kila kipepeo ulikuwa mlo. Mtu wa namna hiyo hukaa porini muda mrefu, hupita njia moja mara nyingi, na hukusanya kiumbe kile kile tena na tena. Kwa mkusanyaji tajiri, mmoja wa kila aina alitosha kabatini. Kwa Wallace, thelathini wa aina moja walikuwa bidhaa, na alipowapanga mezani aliona jambo ambalo mwenye mmoja haoni: hakuna wawili wanaofanana kabisa.

Kwenye Amazon na Rio Negro akaona la pili. Nyani wa aina fulani wako ukingo wa kaskazini wa mto, na ng'ambo ya pili, kusini, hawapo kabisa. Wapo wengine wanaofanana nao lakini si wao. Mto ulikuwa mpaka. Aliporudi Uingereza aliandika makala juu ya nyani wa Amazon, na ndani yake akalalamika kwamba vikaratasi vya makumbusho vilikuwa vimeandikwa "Brazili" au "Amazon" basi, pasipo kutaja upande gani wa mto. Akaongeza jambo linalonigusa kila ninapolikumbuka: wawindaji wenyeji walilijua hilo vizuri. Walipotaka nyani wa aina fulani walivuka mto, kwa kuwa walijua upande huu hawatampata. Wasomi wa Ulaya walikuwa na ngozi za nyani hao kabatini na hawakujua walichokijua wawindaji.

Mlinganishe na Darwin katika visiwa vya Galápagos mwaka 1835. Alikusanya ndege wadogo kutoka visiwa mbalimbali na hakuandika kila mmoja katoka kisiwa kipi. Afisa wa visiwa hivyo alimweleza kwamba kobe wa kila kisiwa hutambulikana kwa gamba lake, naye hakulitilia maanani mpaka baadaye, ikambidi apate msaada wa sampuli za wenziwe wa melini waliokuwa waangalifu zaidi. Sisemi haya kumshusha Darwin, ambaye kazi yake ni mlima. Nasema tu kwamba hata akili kubwa namna ile haikuona mara moja uzito wa kuandika mahali.

Wallace alilipia elimu yake kwa bei ghali. Mdogo wake Herbert, aliyemfuata Amazon, alikufa kwa homa ya manjano huko Pará mwaka 1851. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alifunga safari ya kurudi kwa meli iitwayo Helen. Tarehe 6 Agosti 1852, katikati ya Atlantiki, meli ikashika moto. Aliokoa kisanduku chenye michoro ya mitende na samaki na maandishi machache. Sampuli zake binafsi za miaka mingi, nyani na kasuku hai aliokuwa nao, karibu vyote vikateketea machoni pake. Siku kumi alikaa ndani ya mashua iliyokuwa ikivuja, akichota maji na kuungua na jua, hadi meli nyingine ikamwokoa. Bahati yake Stevens alikuwa amekata bima ya pauni 200, la sivyo angerudi ombaomba.

Mtu mwingine angekaa nyumbani. Wallace aliandika vitabu viwili, akasoma mikusanyo ya makumbusho aone ni nchi gani bado haijajulikana vizuri, na Aprili 1854 akashuka Singapore. Miaka minane alizunguka visiwa vya Wamalei, kilomita zipatazo 22,500 kwa majahazi, mitumbwi na meli za posta. Alijifunza Kimalei na kukitumia kila siku sokoni na msituni. Alirudi na sampuli 125,660. Kati ya hizo mbawakavu walikuwa 83,200 na ndege 8,050.

Hakuzikusanya peke yake, na hapa lazima nimtaje kijana Ali. Wallace alimwajiri Sarawak, kaskazini mwa Borneo, akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Alianza kama mpishi na mtumishi wa nyumbani. Akajifunza kulenga bunduki, kuchuna ndege pasipo kuharibu manyoya, kuendesha chombo baharini, na kumuuguza bwana wake alipokuwa hoi. Baada ya muda ni yeye aliyewafundisha waajiriwa wapya. Watafiti waliopitia kumbukumbu zile wanaamini sehemu kubwa ya ndege wa Wallace waliangushwa na Ali. Mwaka 1858, kisiwani Bacan, Ali alirudi na ndege ambaye hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyewahi kumwona, mwenye ngao ya kijani kifuani na manyoya meupe marefu mawili juu ya kila bawa. Ni ndege wa peponi wa aina mpya. Wataalamu wa London wakampa jina la kisayansi Semioptera wallacii, yaani jina la Wallace. Jina la Ali halimo.

Wallace mwenyewe hakumficha. Walipoagana Singapore mwaka 1862 alimpa fedha na bunduki, akampeleka kwa mpiga picha, na picha ile akaichapa katika kitabu cha maisha yake miaka 43 baadaye, akimsifu kuwa mtumishi bora kuliko wote aliokuwa nao. Mwaka 1907 mwanasayansi Mmarekani, Thomas Barbour, alipokuwa Ternate alisimamishwa njiani na mzee aliyejitambulisha kwa jina la Ali Wallace. Mzee yule alikuwa amelichukua jina la Mwingereza yule likawa lake.

Sasa turudi kwenye swali la wapi. Mwaka 1855, akiwa Sarawak wakati wa mvua, Wallace aliandika makala fupi iliyosema hivi kwa maana yake: kila aina ya kiumbe imetokea mahali na wakati ambapo palikuwa tayari na aina nyingine ya ukoo wake wa karibu. Ndugu hukaa jirani na ndugu. Alikuwa bado hajui namna mabadiliko yanavyotokea, lakini alikwishaona kwamba ramani ya viumbe ni ramani ya ukoo. Mwanajiolojia mkubwa Charles Lyell aliisoma ikamgusa sana, na mwaka uliofuata akamhimiza Darwin aandike upesi asije akatanguliwa.

Mwaka 1856 Wallace akavuka kutoka Bali kwenda Lombok. Ni mlango wa bahari usiozidi kilomita arobaini. Siku ya anga safi unaona kisiwa cha pili kwa macho. Bali alikuta vigong'ota na ndege wengine wa jamii za Asia. Lombok akakuta kasuku weupe wenye kishungi, jamaa wa Australia, na ndege wanaofukia mayai yao ndani ya vichuguu vya majani. Kadiri alivyosafiri mashariki na kaskazini ndivyo alivyohakikisha kwamba mstari unapita katikati ya visiwa vile. Magharibi yake, Borneo, Java na Sumatra, kuna nyani wa kila namna, vifaru na chui milia. Mashariki yake unaanza kukutana na wanyama wanaobeba watoto mfukoni. Hali ya hewa ni ile ile, mvua ni ile ile, misitu inafanana. Basi viumbe hawakuwekwa pale kwa kufuata hali ya hewa. Wallace aliona kwamba jibu liko chini ya bahari: upande wa magharibi maji ni mafupi, na zamani bahari ilipopungua visiwa vile viliungana na bara la Asia, wanyama wakatembea kwa miguu. Baina ya Bali na Lombok kina ni kirefu na maji hayakukauka kamwe. Mstari ule hadi leo huitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo alipougua mwaka 1858 hakuwa mtu wa bahati aliyeota ndoto. Alikuwa na miaka kumi ya vikaratasi kichwani. Akakumbuka kitabu cha Malthus alichokisoma Leicester, kuhusu watu kuzaliana kupita chakula na kupunguzwa na njaa na maradhi, akajiuliza kwa nini wanyama wengine hufa na wengine huishi. Jibu: kwa wastani walio na sifa inayofaa zaidi mahali walipo ndio wanaobaki na kuzaa. Thelathini wasiofanana mezani, na mahali panapotofautiana: changanya hayo mawili kwa muda mrefu, utapata aina mpya.

Kesi ile sasa. Darwin alipopokea barua aliona wazo alilolifanyia kazi kimya kimya kwa miaka ishirini limeandikwa na mtu mwingine. Rafiki zake, Lyell na mwanabotania Hooker, wakaamua maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja katika chama cha wanasayansi cha Linnean, London, tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuhudhuria, alikuwa amefiwa na mtoto wake mchanga. Wallace hakujua lolote. Alikuwa Guinea Mpya, mgonjwa, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Maandishi ya Darwin yalisomwa kwanza. Kwa maoni yangu haikuwa haki kamili, lakini haukuwa wizi. Darwin alikuwa na ushahidi wa miongo miwili, na Wallace alilijua hilo. Alimwandikia mama yake kwa fahari, mwaka 1869 akamtunukia Darwin kitabu chake kikuu, The Malay Archipelago, na mwaka 1889 akaandika kitabu kizima cha kuitetea nadharia, akakiita Darwinism. Kinyongo hakionekani popote. Mwaka 1882 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Darwin.

Kitabu cha The Malay Archipelago nakipenda kwa sababu hakimfichi mwandishi. Anaeleza jinsi alivyompiga risasi orangutani jike Borneo kisha akamkuta mtoto wake kichanga matopeni. Akamchukua, akamnywesha maji ya wali kwa kuwa maziwa hayakupatikana, akamwogesha, akampenda kama mtoto wa kulea, na baada ya karibu miezi mitatu akafa. Msomaji wa leo anaumia, na ana haki ya kuumia. Wallace aliishi kwa kuua alichokipenda. Lakini ni yeye huyo, visiwani Aru, aliyeshika ndege wa peponi mkononi na kuandika kwamba siku ustaarabu wa Ulaya utakapofika katika misitu ile, viumbe hawa watatoweka, na kwamba viumbe wote hawakuumbwa kwa ajili ya binadamu. Anawasifu wanavijiji walioishi kwa amani pasipo polisi wala mahakama na kuiambia Uingereza kwamba imeshindwa kuwapa watu wake wengi maisha ya utu. Hata hivyo ndani ya kitabu hicho hicho anausifu utawala wa Kiholanzi uliowalazimisha wakulima kulima kahawa. Hakuliona jeraha lile, na sioni sababu ya kumsitiri.

Mwaka 1876 akatoa kazi yake nzito, juzuu mbili za mtawanyiko wa wanyama duniani. Aliigawa dunia katika kanda sita, na Afrika kusini ya Sahara, pamoja na nchi zetu, ni mojawapo. Madagaska akaipa fungu lake. Mwaka 1880 akafuatisha Island Life, kitabu cha visiwa. Kanuni yake mwenye kukaa pwani yetu ataielewa upesi. Tazama Unguja na Pemba. Mlango kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, makumi tu ya mita. Zamani za barafu kuu bahari ilipopungua palikuwa pakavu. Ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui wake, na ina kima punju wa Jozani. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wa kina cha mamia ya mita. Pemba haikuwa na chui. Kima punju waliopo Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika karne ya 20. Lakini Pemba ina popo wakubwa wala matunda, wale wanaoning'inia Kidike, ambao ndugu zao wako Komoro, Madagaska na Asia, na bara la Afrika hawapo. Aendaye kwa miguu hakufika. Arukaye alifika, na alitoka mashariki. Kina cha bahari na orodha ya wanyama vinasimulia jambo moja. Huo ndio usomaji ambao Wallace aliufundisha ulimwengu.

Habari nyingine za maisha yake ni vurugu tupu, na baadhi ni za kusikitisha. Mwaka 1870 mtu aitwaye John Hampden aliweka dau la pauni 500 kwa atakayethibitisha kwamba dunia si bapa. Wallace, mpima ardhi wa zamani, akakubali. Kwenye mfereji ulionyooka wa Old Bedford, kilomita zipatazo kumi, aliweka alama tatu kwa kimo kimoja juu ya maji na kutazama kwa darubini: alama ya katikati ilionekana juu ya nyingine, kama inavyopaswa ikiwa maji yamepinda. Msuluhishi akampa ushindi. Hampden akakataa, akamtukana kwa barua kwa miaka mingi, akamtishia hata katika barua kwa mkewe, akafungwa jela, akatoka, akaendelea. Mahakama nayo ikaamua dau halidaiki kisheria. Wallace alipata hasara kubwa kuliko zawadi.

Kisha likaja suala la roho za wafu. Kuanzia mwaka 1865 alihudhuria vikao vya gizani ambako meza hugongwa na sauti husikika, akaamini. Mwaka 1874 alipigwa picha na mpiga picha mmoja wa London, na katika picha akaona sura ya mama yake aliyekwisha kufa. Mwaka huo huo alifiwa na mwanawe wa kiume. Alifikia kusema kwamba akili ya binadamu haikutokana na uteuzi asilia peke yake, jambo lililomsikitisha sana Darwin. Nimelifikiria sana. Nadhani tabia iliyomfaa msituni ndiyo iliyomponza chumbani. Msituni alijifunza kuamini macho yake kuliko maneno ya wakubwa, na msitu hauna nia ya kumdanganya mtu. Wapiga ramli wa London walikuwa nayo.

Kosa lake zito ni chanjo. Kuanzia miaka ya 1880 alipiga vita chanjo ya ndui. Alikuwa na hoja moja ya haki, kwamba sheria iliwatoza faini na kuwafunga maskini, lakini akavuka hapo na kudai kwamba chanjo yenyewe haifai kitu. Hapa hakushika sampuli mkononi. Alishika majedwali ya takwimu na kuyasoma kwa moyo uliokwisha kuamua. Historia imemhukumu. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na ni chanjo iliyoufukuza ugonjwa ule. Anayemtaja Wallace leo ili kuwatisha wazazi wasichanje watoto wao anakitumia kibaya cha mtu mwema.

Mara nyingine ukaidi ule ule ulimweka kwenye haki. Aliongoza chama cha kudai ardhi ya Uingereza iwe mali ya taifa, mwaka 1882 akakiandikia kitabu. Alipinga mawazo ya kuchagua nani azae na nani asizae, wakati wasomi wengi wakiyashangilia. Na mwaka 1907, Mmarekani Percival Lowell aliposhikilia kwamba sayari ya Mirihi ina mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, mzee Wallace, akiwa na miaka 84, alijibu kwa kitabu kwamba sayari ile ni baridi mno na haina maji ya kutosha. Alikuwa sahihi.

Ajira ya kudumu hakuipata kamwe baada ya kurudi. Aliomba nafasi kadhaa akakosa, akapoteza akiba katika hisa mbovu, akaishi kwa kalamu na kwa kusahihisha mitihani. Mwaka 1881, kwa juhudi za Darwin na wenzake, serikali ilimpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Heshima kubwa zilimfikia uzeeni: mwaka 1908 alipewa nishani ya juu ya mfalme, Order of Merit. Alifariki tarehe 7 Novemba 1913 akiwa na miaka 90.

Sampuli zake nyingi zingali katika makumbusho ya London na kwingineko, na vikaratasi vyake vingali vinasomwa na watafiti wanaotaka kujua kipepeo gani aliishi kisiwa gani kabla msitu wake haujakatwa. Kwa sababu hiyo nina ombi kwa walimu wanaonisikiliza. Mnapofundisha mageuko ya viumbe na kumtaja Darwin, mtajeni Wallace pamoja naye, na mnapomtaja Wallace, mtajeni Ali wa Sarawak. Na mnapowapeleka wanafunzi ufukweni au porini, kila aokotaye kombe, jani au mdudu aandike siku hiyo hiyo, kwenye kikaratasi chake, jina la mahali alipokiokotea, tarehe, na jina la mtu aliyemwonyesha.